Mguu unauma, vipimo havioni kitu: yaliyonikuta mimi

Najua kuna walioanza kuuliza mbona blogu imelala. Blogu haikulala, nililala mimi, tena wodini siku tano na dripu mkononi, kisha miezi mitatu ya kujiuguza nyumbani. Leo siandiki siasa wala mpira. Naandika kuhusu mguu. Mguu wangu wa kulia uliniuma miezi kumi na minne, lakini kilichonipeleka wodini si mguu wenyewe, ni vidonge nilivyokuwa naunyamazishia. Nimeona nisikae na hili peke yangu, maana najua hapo kafe ulipokaa kuna mtu kigimbi kinamuuma sasa hivi na anasema "itapita tu".

Ilianzaje? Nilipomaliza kidato cha nne sikuchaguliwa kuendelea, nikaingia saidia fundi. Kazi hiyo mnaijua: karai la zege kichwani, mfuko wa saruji wa kilo 50 begani, ngazi za mbao, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Mwezi wa tatu wa kazi kigimbi kikaanza kuuma. Maumivu ya uchovu nayafahamu, ukilala usiku mbili tatu yanaisha. Haya yalikuwa yanavuta, kama kuna mtu kashika kamba toka takoni mpaka kisiginoni. Nikakanda kwa maji ya moto, nikachua na dawa ya mgongo... wapi!

Mtaani kila mtu daktari. Mjomba wangu ninayeishi kwake akasema ni uvivu tu, vijana wa siku hizi hatutaki kazi ngumu. Jirani akasema hiyo ni ngiri. Mwingine akanivuta pembeni: umekanyaga kitu, kuna mtaalamu namjua. Nikaenda maabara ya mtaani, nikaambiwa malaria. Nikanywa dawa. Nikarudi, nikaambiwa taifodi. Ndani ya miezi minne nimetibiwa taifodi mara mbili na mguu upo vilevile.

Hapa tusimame kidogo. Malaria inaumiza viungo, ni kweli, lakini inakuja na homa na inauma mwili mzima. Haichagui kigimbi kimoja ikakikalia mwaka. Na kile kipimo cha taifodi kinachoitwa Widal hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta askari wa mwili waliotengenezwa kupigana naye. Askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa wa zamani, na wengine wanaweza kuonekana hata kwa sababu ya maambukizi mengine. Kwa hiyo karatasi ikisema una taifodi wakati huna homa, tumbo liko sawa, na shida yako ni mguu, uliza maswali kabla ya kununua dawa.

Baada ya hapo nikachoka na vipimo. Nikawa nakwenda duka la dawa nasema "nipe za maumivu". Nafungiwa karatasi ndogo yenye vidonge vya rangi rangi. Baadaye ndiyo nilijua kimoja ni diklofenaki na kingine prednisoloni. Wadau, nisiwadanganye, vilifanya kazi! Ndani ya saa moja naweza kubeba saruji tena. Nikawa nakunywa kila siku, mara nyingine bila kula, miezi na miezi.

Siku moja nikaanza kuona choo cheusi kama lami, kinanata. Nikadhani ni chakula. Siku ya tatu nikasimama niende kazini, kizunguzungu, nikaanguka mlangoni. Hospitali wakasema navuja damu tumboni, vidonda vya tumbo. Nikaongezewa damu chupa mbili.

Kumbe diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wanapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usiunguzwe na tindikali. Ukizizuia kila siku, ukuta unachimbika. Tena kidonda kinaweza kuvuja damu bila tumbo kuuma hata kidogo. Dawa hizi zinaweza kuumiza figo na kupandisha presha pia. Ukichanganya na prednisoloni, hatari ya kuvuja damu inaongezeka. Na prednisoloni ikinywewa muda mrefu inadhoofisha misuli, hasa ya mapaja. Yaani nilikuwa natibu mguu kwa dawa inayokula mguu! Ila tahadhari: kama umeitumia kwa wiki nyingi usiikatishe ghafla, mwone daktari akupunguzie taratibu.

Basi hapo wodini ndipo nilipokutana na daktari mmoja mama wa makamo. Nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti. Hakuanza na mguu.

"Mdogo wangu, ukikohoa huo mguu unashtuka?"

Nikashangaa kajuaje. Nikamjibu ndiyo dokta, tena sana.

"Na ukikaa muda mrefu?"

"Unazidi."

"Ganzi inaishia wapi?"

Nikamwonyesha kidole kidogo cha mguu. Akanilaza chali, akaniinua mguu ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu nikapiga kelele. Kisha akakiminya kigimbi chenyewe kwa nguvu, na hakikuuma. Akacheka kidogo: "Msuli wako mzima. Anayelia ni mshipa wa fahamu, na kaminywa kiunoni."

Miezi kumi na minne nimekanda kigimbi, shida iko kiunoni! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema ni nguo ipi.

Alinieleza hivi. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vinavyofanya kazi kama springi. Ukiinama na kunyanyua mizigo mizito kila siku, kisahani kinaweza kuchomoza pembeni na kugusa mzizi wa neva. Mizizi ya eneo hilo inaungana kuwa neva kubwa kuliko zote mwilini, ambayo inapita takoni, nyuma ya paja, mpaka kwenye unyayo. Ikiguswa juu, ubongo unadhani anayeumia ni kigimbi. Ni sawa na kompyuta namba nne hapo kafe ikigoma mtandao: unapiga piga kioo, kumbe panya katafuna waya nyuma ya kabati.

Eksirei ya kawaida haionyeshi kisahani wala neva, ndiyo maana ile niliyopigwa mwanzo ilitoka "safi". MRI inaonyesha, lakini alisema kwa mtu asiye na dalili za hatari si lazima kukimbilia huko, maana wengi hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili bila upasuaji. Mimi nilichelewa kwa sababu kila mwili ulipopiga kelele, niliuziba mdomo kwa kidonge na kurudi kwenye saruji.

Sasa, mguu wako si mguu wangu. Usisome hapa ukajiambia na mimi ni kiuno. Angalia jinsi unavyouma:

Unauma ukitembea na unaacha ndani ya dakika chache ukisimama: damu inaweza kuwa haifiki vizuri kwenye misuli. Inawapata zaidi wavutaji sigara, wenye kisukari na watu wazima.

Nyayo zote mbili zinawaka moto au kufa ganzi, hasa usiku: pima sukari. Pombe nyingi na upungufu wa vitamini B12 navyo vinaleta hayo. Na kama upo kwenye dozi ya TB yenye isoniazidi, waambie kliniki, kuna vitamini B6 inayokinga neva.

Mapaja yanauma na kunyanyuka ukiwa umechuchumaa ni shida: inaweza kuwa upungufu wa vitamini D, ambao unawapata hata watu wa nchi za jua wakishinda ndani. Au tezi ya shingo imelegea: unachoka, unasikia baridi wenzako wakitokwa jasho, unanenepa, choo kigumu. Kuna kipimo cha damu cha homoni za tezi.

Maumivu makali ya mifupa na viungo yanayokuja na kuondoka tangu utotoni: pima selimundu. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo, na wapo wanaokuwa wakubwa wakiambiwa kila siku ni malaria.

Mzazi wako anatumia dawa za kushusha kolesteroli na misuli imeanza kuuma: inawezekana ni dawa. Asiache mwenyewe, amwambie daktari wake.

Na hizi hapa usisubiri hata kesho. Mguu mmoja umevimba ghafla, una joto na unauma: damu inaweza kuwa imeganda, na bonge likikimbilia mapafuni linaua. Mkojo mweusi kama kola baada ya mazoezi au kazi nzito: misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Mguu unakosa nguvu, unashindwa kuzuia haja, au ganzi imeshika sehemu za siri na unapokalia: hiyo ni dharura. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda: TB inaweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo. Na uvimbe unaokua mguuni usiupake dawa ya kuchua, nenda ukaonwe.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni daftari la shilingi mia chache. Dokta alisema andika wiki mbili: unauma wapi unaanzia wapi, saa ngapi, nini kinauzidisha, nini kinautuliza, ganzi ipo au haipo, na dawa zote unazokunywa, za hospitali, za duka na za mitishamba. Ukiingia chumba cha daktari ana foleni ya watu hamsini nje. Ukisema "mguu unauma" atakupa cha maumivu. Ukisema "unaanzia takoni, unazidi nikikaa, unashtuka nikikohoa", umeshamfanyia nusu ya kazi.

Mimi sasa nimeacha zege. Nafanya mazoezi niliyofundishwa, natembea nusu saa kila asubuhi, na nikiwa kwenye kompyuta nasimama kila baada ya dakika thelathini hata kama dakika zangu za kafe zinaliwa. Siku mbaya zipo. Nikizidiwa nameza parasetamoli kwa kipimo, basi.

Juzi nilikuwa barazani naandika haya kwenye daftari, mjomba akaja akakaa. Kimya. Halafu akaniuliza, mimi naye tunaitana hivyo hivyo: "Hivi mjomba... na nyayo zikiwaka moto usiku, huyo dokta wako alisema ni nini?"

Kumbe miaka miwili. Yeye aliyeniita mvivu alikuwa analala na miguu kwenye beseni la maji baridi, hajamwambia mtu. Kesho yake tulikwenda wote kupima sukari. Majibu ni yake, siyaandiki hapa. Ila amenunua daftari.

Na wewe je, mguu wako unasemaje? Uwanja wa maoni uko hapo chini. Karibuni.