Boti ya familia: pima upana kabla ya kuulizia mashine

Mtu akienda kununua boti Tanga, Mkokotoni au Kilindoni, swali la kwanza kumtoka mdomoni ni la mashine: farasi ngapi? Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana mashine imesuguliwa ikang'aa. Kwa familia yenye fedha za kiasi, inayotaka chombo cha kuvulia siku za mapumziko na kuwafikia ndugu kisiwani, swali hilo linafaa liwe la mwisho. Mashine hubadilishwa. Bodi ukishainunua mbovu umeinunua, na ndani yake watakaa watoto.

Anza na upana. Mwaka 1746 Mfaransa Pierre Bouguer alichapisha kitabu cha elimu ya ujenzi wa meli, kazi aliyoifanya akiwa katika milima ya Amerika Kusini, alikokwenda kupima umbo la dunia. Humo alieleza kwa hesabu kwa nini chombo kilicholala upande huinuka tena. Upande ulioinama huzama zaidi, msukumo wa maji huhamia huko, nao ndio unaokirudisha wima. Nguvu hiyo haikui sambamba na upana; hukua kwa upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chukua boti mbili za urefu mmoja na umbo moja, ya kwanza ina upana wa mita 1.5 usawa wa maji, ya pili mita 1.8. Sentimita 30 hizo ukiwa ufukweni unaweza usizione, lakini umbo la ile pana linapinga kulala kwa nguvu iliyozidi ya mwenzake kwa zaidi ya asilimia 70. Mafundi wa ngalawa walilijua jambo hili kwa mikono yao: gogo lenyewe ni jembamba, lakini mbao za pembeni zimepelekwa mbali kulia na kushoto.

Baada ya upana, kimo cha ubavu. Boti yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 2 usawa wa maji hukalia eneo la kama mita 9 za mraba. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, kwa hiyo kila kilo 92 unazopakia zinaizamisha boti hiyo sentimita 1. Huyo ni mtu mzima na kikapu chake. Pakia watu wazima tisa, dumu za petroli na gunia la mchele, umeshapoteza sentimita 10 za ubavu kabla wimbi la kwanza halijaja. Na kusi la Julai lina mawimbi. Mwombe muuzaji akuoneshe boti ikiwa majini na shehena kamili, usiridhike kuiona ikiwa tupu mchangani.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi huichukulia kuwa usumbufu tu: maji ya ngama. Maji yaliyotuama chini ya miguu hukimbilia upande ambao boti imelalia na kuilaza zaidi. Kinachotisha hapa si kina chake. Ni upana wa nafasi yanamotembea. Maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, yakiwa huru kutoka ubavu hadi ubavu, yanatosha kuiondolea boti sehemu kubwa ya uimara wake. Ndiyo sababu kufua maji ni kazi ya kwanza ya baharia, na ndiyo sababu napendelea boti yenye vyumba vilivyozibwa chini ya sakafu na kujazwa povu gumu. Mwaka 1961 Mmarekani Dick Fisher alipigwa picha katika jarida la Life akiwa ameketi kwenye boti yake ya Boston Whaler inayokatwa vipande viwili kwa msumeno, na vyote vikaendelea kuelea. Povu lilikuwa limejaa katikati ya ngozi mbili za faiba. Boti za kwetu nyingi hazina kitu hicho, lakini fundi anaweza kuliongeza, na kwa familia fedha hiyo ina faida kuliko farasi kumi za ziada.

Mbao au faiba? Boti ya mbao iliyopigwa kalafati vizuri ni tulivu, na fundi wake hakosekani pwani yote. Adui yake ni kiumbe laini wa jamii ya chaza na konokono, ambaye Linnaeus alimpa jina la Teredo navalis. Huingia kwenye ubao akiwa mchanga, kwa kitundu kidogo usichokiona, kisha hunenepa ndani na kutoboa njia akifuata urefu wa ubao. Bakteria walio kwenye matamvua yake humsaidia kumeng'enya mti. Nje ubao unaonekana mzima, ndani ni matundu matupu. Wazee walimzuia kwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na kwa kukipandisha chombo pwani na kukibabua chini kwa moto wa makuti. Kazi hiyo lazima irudiwe kila baada ya muda, miaka yote. Familia isiyo na mtu wa kuisimamia ichukue faiba.

Faiba nayo ina siri yake, nayo imekaa kwenye tezi, pale inapofungwa mashine. Ubao wa tezi katika boti nyingi ni plaiwudi iliyovikwa faiba, na maji hupenya kupitia matundu ya boliti. Chukua mpini wa bisibisi, gonga kuanzia pembeni ukielekea katikati, ukisikiliza. Mahali pazima hutoa mlio mkavu, mkali. Palipooza hutoa mlio mzito, uliofifia, na mara nyingi unaanzia chini ya boliti na kuteremka. Kisha mtu mmoja aishike mashine kwa juu na kuitikisa taratibu, nawe utazame: tezi ikipumua, yaani ikienda na kurudi hata kidogo, ondoka. Rangi mpya hapo si sifa njema.

Tukija kwenye chuma, maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita na yanapitisha umeme vizuri. Metali mbili tofauti zilizogusana ndani yake zinakuwa betri, na ile dhaifu huliwa. Mwaka 1824 Humphry Davy aliigeuza hasara hiyo kuwa kinga: alifunga vipande vya chuma kwenye shaba iliyofunika meli za kivita za Uingereza, chuma kikaliwa na shaba ikabaki. Lakini shaba iliyokingwa iliacha kutoa sumu yake majini, magugu na viumbe vyenye magamba makali vikaota chini ya meli, mpango ukaachwa. Kipande cha zinki kilicho chini ya mashine yako ni kizazi cha wazo hilohilo. Kikiisha nusu, badilisha. Usikipake rangi kamwe, maana kilichofunikwa hakifanyi kazi. Na rangi yenye shaba, nzuri kwa bodi ya faiba, usiipake kwenye mguu wa mashine wala kwenye boti ya aluminiamu, kwa sababu itaila aluminiamu.

Sasa ndiyo mashine. Boti inayosukuma maji bila kupanda juu yake hukamatwa na wimbi lake yenyewe. Kwa urefu wa mita 6 majini, kikomo hicho ni kama kilomita 11 kwa saa. Kukivuka kunataka nguvu nyingi na petroli nyingi. Kama safari zenu ni fupi, farasi 15 zinaweza kutosha. Mashine za zamani za mipigo miwili ni nyepesi na kila fundi anazijua, ila robo ya petroli au zaidi inaweza kutoka bila kuungua. Za mipigo minne ni ghali na nzito, lakini anayesafiri kila wiki hurudishiwa fedha yake kwenye mafuta. Yoyote utakayochagua, iendeshe kwenye pipa la maji baridi kila baada ya safari, chumvi isikauke kwenye njia za kupozea. Yaonje kwanza maji hayo, kwani visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi.

Maji yetu hupanda na kushuka hadi kama mita 4 wakati wa bamvua. Boti yenye kitako cha V kali hukata wimbi vizuri, lakini Chwaka maji yakitoka italala ubavu hadi yarudi. V ya wastani, inayonyooka kuelekea tezi, inakaa wima mchangani.

Kabla ya kulipa, tokeni nayo upepo ukiwa umeshika, idadi kamili ya watu mnaotarajia kupakia, kila mmoja na jaketi okozi la kumtosha. Wote wahamie upande mmoja polepole, na mpime ubavu umebaki sentimita ngapi juu ya maji. Kisha fungueni sakafu mtazame ngama.