Kabla ya kutuma dipoziti ya ploti Kajiado

Umeona tangazo: ploti ya robo ekari upande wa Isinya, ndani ya geti moja, kila mtu ajijengee nyumba anayotaka. Lipa dipoziti leo kwa simu, Jumatatu bei inapanda. Tunajua mkono unakimbilia wapi. Ngoja kidogo.

Nenda ukaone ardhi yenyewe, na kama unaweza, nenda kiangazi. Kajiado si jangwa kama Chalbi, lakini ni kame vya kutosha, na picha nyingi za matangazo hupigwa baada ya mvua. Uliza maji yanatoka wapi. Kisima kilichochimbwa kikatoa maji si sawa na kisima kilichochorwa kwenye brosha. Hata kama kipo, uliza majibu ya maabara, maana sehemu nyingi huko maji ya chini ya ardhi yana chumvi au floraidi nyingi. Ukikosa maji hayo utanunua ya lori, na hiyo ni gharama ya kila mwezi.

Uliza pia barabara, geti na kisima ni mali ya nani. Visipoandikwa kwa jina la kampuni ya wenye ploti, muuzaji anabaki navyo, na ada ya usimamizi anapanga yeye.

Upande wa karatasi, mpe wakili kazi. Afanye sachi rasmi ya hati, aone kama ploti yako ina hati yake au bado iko ndani ya hati mama. Kama ni shamba la kilimo, lazima kuwe na idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, iliyoombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila hiyo mauzo ni batili. Mkataba wenyewe uwe wa maandishi, wenye saini na mashahidi. Na kama muuzaji ana mke au mume, idhini yake pia inaweza kuhitajika. Weka kando ushuru wa stempu: asilimia 2 mashambani, 4 mjini.

Sasa pesa, ambayo ndiyo kazi yetu. Muamala mmoja hauzidi Sh250,000, kwa hivyo watu hutuma dipoziti vipande vipande, mara nyingi kwa namba ya kibinafsi ya broka. Hapo ndipo tunapopokea simu za kilio. Pesa ikishatolewa upande wa pili, hatuna cha kurudisha. Tunachoweza kuzuia ni kile ambacho bado kimo kwenye akaunti.

Kwa hivyo lipa kwa Paybill ya kampuni iliyotajwa kwenye mkataba, au kwa akaunti ya wateja ya wakili wako. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likiwa la mtu, na mkataba unasema kampuni, simamisha. Salio kubwa lipitie benki. Ujumbe wa uthibitisho utunze, lakini kumbuka unaonyesha tu kwamba pesa ilisafiri. Hauonyeshi kwamba ulinunua ploti.

Ukishatuma ndipo ukagundua jina si lile, tupigie sisi mara moja, kabla hata ya kumpigia broka.