Karte ya étudiant na misalaba ya mukuba

Ku Kikula ao ku Panda, mutoto akiingia univerisité, kitu ya kwanza anatuonyesha ni karte yake ya étudiant. Baba mwenye ametoka ku kazi ya usiku anaigeuza, anauliza: « Sasa hiyi inatoa nini? »

Inatoa zaidi ya vile tunawaza. Kule Bulaya, musée mingi zinapunguzia ba-étudiant bei, na zingine hazilipishe vijana hata kidogo. Ku Louvre, mu Paris, mwenye hajafika miaka 18 anaingia bure, hata akitoka Likasi. Kijana mwenye anakaa mu inchi za Union européenne anaingia bure mpaka afikishe miaka 26.

Na banaenda kuona nini kule? Mara ingine, vitu vyetu. Tshibumba Kanda Matulu, fundi wa picha wa Lubumbashi, alichora histoire ya inchi yetu mu 1973 na 1974. Picha zake 101 zilifika ku musée moja ya Amsterdam, mu Uholanzi. Mu histoire ile muko na batumishi ba Union Minière benye baliuawa ku Lubumbashi mu Desemba 1941, sababu baliomba mushahara. Étudiant wa Amsterdam iko karibu na zile picha kupita mutoto wa Shituru, na wafu ni ba nkambo yetu.

Lakini hatuna lazima ya kupanda ndege. Lubumbashi iko na Musée national, yenye ilianza mu 1946. Katanga ya zamani, mbele ya mzungu kufika, bantu baliyeyusha mukuba na kuumwaga mu umbo la musalaba. Misalaba ile ilikuwa makuta yabo. Ingine balizika nayo wafu.

Tuseme kweli: bei ya kuingia si njo inatuzuia. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 120. Kwa mwenye hana makuta ya basi, hata mulango wa bure ni mulango wa kufungwa.

Kwa hiyo tunaomba bazazi, masomo na ba coopérative ba ba-creuseur bachange pamoja basi moja, hata mara moja tu ku mwaka. Mbele ya kuondoka, muulize bei ya kikundi na ya bale benye karte.

Na baba asibakie ku nyumba. Mbele ya musalaba wa mukuba, mwalimu atasoma kile kimeandikwa ku karatasi. Baba njo atasema jiwe gani linabeba mukuba, moto wa namna gani unatakiwa, na mutu anaumia wapi. Pale mutoto ataelewa: kazi yenye iko ndani ya kioo njo ile ilimulipia minerval.