Roboti ya kuhesabu ujumbe: tuiambie ihesabu nini?



Katika grupu ya kooperativi, asubuhi moja unaweza kukuta ujumbe mia moja: salamu, picha za ibada, tangazo la msiba. Katikati, memba wa barabara ya Nyunzu anauliza: «Mahindi yangu iko na matundu kwenye majani, ni nini?» Jioni swali hilo limefunikwa, hakuna aliyejibu. Njo maana vijana wanaojua kompyuta wanauliza: programu inaweza kutuchagulia ujumbe wa maana? Inaweza, lakini tuielekeze vizuri.

Programu hiyo inaitwa roboti ya mazungumzo. Inaingia katika grupu kama memba mwingine. Telegram inaruhusu watu kutengeneza roboti tangu mwaka 2015, na toka mwisho wa 2023 roboti inaweza kuona hata alama za kidole gumba. Ila, ili isome ujumbe wote na kuona alama hizo, mnaiweka kuwa msimamizi wa grupu. Kisha inaandika nani alituma, saa ngapi, na nani alijibu.

Hesabu watu, si ujumbe. Tuseme mtu mmoja anatuma mara 10: «Bei ya muhogo imeanguka, uzisheni haraka!» Roboti isiyofundishwa itaona ujumbe 10 na kuuweka juu. Memba anaogopa, anauzisha mfuko wake kwa hasara, na mnunuzi anacheka. Kwa hiyo: mtu mmoja, kura moja. Ujumbe uliopitishwa kutoka grupu ingine usipewe kura paka moniteri wa kilimo auhakikishe. WhatsApp yenyewe, toka Aprili 2020, inazuia ujumbe uliopitishwa mara nyingi usitumwe kwa zaidi ya mtu mmoja au grupu moja kwa mara moja.

Punguza alama kila siku. Ujumbe wa leo wenye kura 6 uko na maana kuliko wa juma lililopita wenye kura 9. Gawanya kura kwa idadi ya siku: 6 kwa siku 1 ni 6, 9 kwa siku 7 ni moja na kidogo.

Weka maneno ya hatari. Hapa njo penye faida kubwa. Kiwavi jeshi kilionekana Afrika mwaka 2016. Kipepeo wake anaruka usiku, anaweza kufika mbali, na kiwavi kinapokuwa kidogo njo rahisi kukiua. Kikisha kuingia ndani ya kiini cha muhindi, dawa haikifikii tena. Basi swali la yule memba wa Nyunzu, hata bila kidole gumba kimoja, lazima lifike kwa moniteri siku ileile. Ipeni roboti orodha: kiwavi, vidudu, chenille, matundu, muhogo kuoza. Watu hawaandiki namna moja. Ongezeni maneno ya Kitabwa, Kiluba na Kiholoholo, pamoja na makosa ya kuandika. Neno la hatari likitoka vijiji viwili kwa siku tatu, roboti impigie moniteri kengele.

Roboti haiko na macho. Moniteri aende shambani, atazame kichwa cha kiwavi: alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangwa kama pembe nne za meza. Kwa muhogo, apasue mizizi, kwa sababu ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kuozesha ndani wakati majani yanaonekana mazuri.

Mbele ya kuanza, mkutano ukubaliane juu ya mambo matatu. Kwanza, memba wote wajue kama roboti inasoma. Pili, habari za feza, za stoki na za usalama wa barabara zisiwekwe akiba, maana zikianguka katika mikono mibaya zinaweza kuleta hatari. Tatu, kila jioni roboti itoe ujumbe 5 tu, mufupi, bila picha, usile mega.

Na wenye hawana simu ya intaneti, wengi wao ni wamama wanaolima? Sekretere aandike zile 5 kwenye karatasi, azisome siku ya mkutano, aulize: «Ninyi mumeona nini shambani?» Majibu yao ayaingize katika grupu, nayo yapate kura sawa na ya wengine.