Kikopo au kamera?

Naomba radhi mapema. Kipindi hiki huenda hewani saa ambayo wengi wenu mko mezani, na leo nataka kuzungumzia choo. Sina maana ya chumba. Nina maana ya kile tunachokiacha humo, ambacho adabu zetu zinatutaka tukinyamazie. Mimi mwenyewe nimekinyamazia miaka mingi, na ukimya huo nusura unitie hasara.

Nimepata barua kutoka kwa msikilizaji wa Temeke, bwana mwenye umri wa miaka 52. Anasema yeye na shemeji yake, ambao wanapishana mwaka mmoja tu, walikwenda kwa madaktari tofauti kutaka kuchunguzwa saratani ya utumbo mpana. Shemeji akaingizwa kamera. Yeye akapewa kikopo, akaambiwa alete choo kidogo, na majibu yalipotoka akaelezwa kwamba hana tatizo, arudi mwaka ujao. Sasa shemeji anamtania kila wakikutana kwamba amepimwa kimaskini. Anauliza: kati yetu sisi wawili, nani kadanganywa?

Jibu fupi ni kwamba huenda hakuna aliyedanganywa. Jibu refu ndilo lililonifanya niombe dakika zote za leo.

Utumbo mpana ni ule wa mwisho, wenye urefu wa kama mita moja na nusu, unaonyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula kabla hayajatoka. Katika ukuta wake wa ndani huweza kuota vijinyama vidogo, mfano wa uyoga. Vingi havina madhara maisha yote. Vichache hukua polepole, kwa kawaida miaka kumi hivi au zaidi, mpaka vikageuka saratani. Hapo ndipo penye bahati ya ugonjwa huu, iwapo saratani yaweza kutajwa pamoja na bahati: upo muda mrefu wa kuukamata kabla haujawa ugonjwa. Ubaya ni kwamba muda wote huo mtu hasikii kitu. Anakula, anashiba, anakwenda kazini.

Mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na zaidi ya 900,000 walikufa. Ndiyo iliyomwondoa Pelé mwezi Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82. Ndiyo pia iliyomwondoa Chadwick Boseman, yule mcheza sinema wa Black Panther, Agosti 2020, akiwa na miaka 43 tu. Kwetu tumezoea kuihesabu kuwa ni maradhi ya Wazungu na ya wenye vitambi, lakini kumbukumbu za Muhimbili na Ocean Road za kati ya mwaka 2005 na 2015 zilionyesha wagonjwa wakiongezeka sana, na madaktari wetu hawachoki kulalamika kwamba wengi hufika wakiwa wamechelewa.

Sasa tuje kwenye kikopo. Saratani changa, ama kijinyama kilichokua, huchubuka kinyesi kinapopita, kikavuja damu kidogo mno isiyoonekana kwa macho. Kipimo hiki huitafuta damu hiyo iliyofichika. Unachota choo kidogo kwa kijiti ukiwa nyumbani kwako, unakifunga ndani ya kichupa, unakipeleka maabara, basi. Kipimo cha zamani kilikuwa kinashtuka kwa damu yoyote, hata ya nyama ya ng'ombe uliyokula jana, ndiyo maana watu walikatazwa nyama na baadhi ya dawa siku kadhaa kabla. Kile kipya, ambacho madaktari hukiita FIT, hutambua damu ya binadamu peke yake, kwa hiyo hakuna mwiko wa chakula.

Uwezo wake ni huu. Kikifanywa mara moja, hukamata kama saratani 3 katika kila 4. Vijinyama vikubwa ambavyo havijawa saratani hukamata vichache zaidi, robo tu hivi, kwa kuwa vingi havivuji damu. Ndiyo sababu hakifanywi mara moja mambo yakaisha. Wamarekani hushauri kila mwaka, kuanzia umri wa miaka 45. Waingereza na Waholanzi huwatumia watu wao vifaa kwa posta kila baada ya miaka miwili. Kilichoponyoka safari hii huenda kikanaswa safari ijayo. Anayepima mara moja kisha akasahau amecheza bahati nasibu.

Kamera ni habari nyingine. Mpira unaopindika, unene wake kama wa kidole, wenye taa na kamera kwenye ncha, huingizwa kwa njia ya haja kubwa na kupandishwa mpaka mwanzo wa utumbo mpana. Daktari anautazama ukuta wote kwenye runinga. Akikuta kijinyama, hukikata hapohapo kwa kitanzi cha waya, kazi iliyoanza kufanywa New York mwaka 1969 na madaktari William Wolff na Hiromi Shinya. Na kama utumbo umekutwa safi, unaweza kukaa mpaka miaka kumi ndipo urudi. Kikopo kinatafuta tu, lakini kamera inatafuta na kung'oa.

Lakini nayo ina gharama zake, na sisemi fedha peke yake, ingawa fedha nayo si mchezo, na mashine yenyewe huipati kila wilaya. Siku moja kabla unashindia vimiminika. Jioni unaanza kunywa dawa ya kusafisha tumbo, lita kadhaa, na usiku huo hutoki mbali na mlango wa chooni. Siku ya kipimo hufanyi kazi. Ipo na hatari, ndogo lakini ya kweli: katika watu 10,000, kama 3 hutobolewa utumbo, na kama 15 hutokwa damu nyingi, hasa pale palipokatwa kitu.

Basi kamera imeshinda kwa kuona? Ndivyo nilivyodhani. Kule Hispania walichukua watu zaidi ya 57,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Kundi moja likaalikwa kupimwa kwa kamera mara moja, jingine likaalikwa kupima choo kila miaka miwili. Matokeo ya miaka kumi yalitangazwa mwaka 2025. Upande wa kamera waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa asilimia 0.22. Upande wa kikopo walikuwa asilimia 0.24. Tofauti hiyo haina uzito. Na sababu yake mojawapo haihusu mashine kabisa. Walioalikwa kupima choo waliitikia kwa asilimia 40 hivi, na walioalikwa kamera kwa asilimia 32. Kamera nzuri namna gani haimwoni mtu aliyebaki nyumbani.

Ndugu yangu wa Temeke, hilo mpelekee shemeji yako. Ila kabla hujampelekea, itazame tena karatasi yako ya maabara. Hapa mijini kwetu, ukisema umepimwa choo, mara nyingi maana yake ni kwamba umetazamwa minyoo na amiba, ama wale vijidudu wa vidonda vya tumbo. Hivyo ni vipimo halali kwa mambo yake, lakini havina habari na saratani. Nimekutana na watu wazima watatu katika kuandaa kipindi hiki waliokuwa na hakika kwamba wamekwisha kupimwa utumbo mpana, kumbe walitafutiwa minyoo. Uliza kwa maneno: je, mmetafuta damu iliyofichika? Kama jibu ni hapana, bado hujaanza.

Liko na jambo la pili ambalo makala za ng'ambo hazilitaji sana. Kwetu damu katika choo ina sababu nyingi. Mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria anaweza kuwa na kichocho cha tumbo. Mwingine ana amiba, mwingine bawasiri. Hata huko kusiko na kichocho, katika watu 100 wasio na saratani, kama 6 hivi kipimo kitawaambia damu ipo. Kwa hiyo karatasi inayosema damu ipo haisemi una saratani, na wengi wa wenye karatasi hiyo hawana. Inachosema ni kwamba sasa lazima mtu aingie aangalie. Ukitibiwa kichocho ukaishia hapo, au ukajipa mwenyewe ugonjwa wa bawasiri, swali limebaki palepale.

Hili nalisema kwa sababu nimelifanya. Nilipofika miaka 45 nilichagua kikopo, kwa sababu zilezile za wale wa Hispania: rahisi, hakuna anayekuvua nguo. Majibu yakaja, damu ipo. Daktari akaniandikia kamera. Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye droo nyumbani, chini ya kanda zangu za zamani, nikajiambia ni bawasiri, maana kazi yetu ni ya kukaa. Mimi ambaye kila juma nawauliza wakubwa kwa nini wanakalia mafaili. Ilipita miezi minne. Mke wangu alikuwa akitafuta risiti ya luku akaikuta. Hakusema mengi. Aliiweka juu ya sahani yangu, mahali pa chapati.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, wa watu zaidi ya 70,000 ambao kipimo cha choo kilikuwa kimesema damu ipo, ulionyesha kwamba waliokaa zaidi ya miezi kumi bila kwenda kwenye kamera walikutwa na saratani zaidi, na saratani iliyokwisha kusambaa zaidi. Nilikuwa nimekwisha kula karibu nusu ya miezi hiyo bure. Nikaenda. Usiku wa dawa ulikuwa mrefu kuliko kamera yenyewe, ambayo siikumbuki kwa sababu ya sindano ya usingizi. Walikuta vijinyama viwili vidogo, wakavikata, maabara ikasema si saratani. Nimeambiwa nirudi baada ya miaka saba.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao ni wa mwandishi wa habari na si wa daktari, ni kwamba chagua kikopo ikiwa una mambo mawili: una kumbukumbu ya kukirudia, na umekubali tangu leo, kabla ya kuchota, kwamba kikisema damu ipo utakwenda kwenye kamera. Ukijijua huna hayo, afadhali uibane kamera moja ukae miaka yako kumi. Asiye na ubavu wa kamera kabisa asione aibu ya kikopo, lakini azungumze mapema na hospitali ya rufaa na bima yake, ajue njia iko wapi.

Wapo ambao hawana la kuchagua. Anayeona damu kwa macho yake, ama ambaye choo chake kimebadilika kwa majuma kadhaa bila sababu, anayekonda bila kufunga, aliyepungukiwa damu na haijulikani inakwenda wapi, huyo kikopo si chake hata akiwa na miaka 30. Aende kwa daktari, na kamera itajwe. Hali kadhalika mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani hii. Huyo huanzia kwenye kamera, akiwa na miaka 40, au miaka kumi chini ya umri ambao nduguye aligunduliwa, kutegemea ipi inatangulia. Ndugu akikutwa nayo akiwa na miaka 44, wewe anza na 34. Hapo ndipo ukimya wetu unapotuponza, maana katika familia nyingi marehemu alikufa kwa "tumbo", na hakuna aliyeuliza tumbo gani.

Bwana wa Temeke, kama karatasi yako ni ya damu iliyofichika kweli, shemeji hana la kukutania. Andika mwezi uliopima, urudi mwezi uohuo mwakani. Na ikitokea mwaka wowote wakakwambia damu ipo, mchukue shemeji huyohuyo akusindikize. Yeye njia anaijua, na baada ya sindano ile hawakuruhusu kuendesha gari wala kurudi nyumbani peke yako.