Kompyuta ya Nyumbani na Mfumo Mpya: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumwita Fundi

Mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo limekuwa likiulizwa sana hapa madrasa: kompyuta ya nyumbani inapoandika kwenye kioo kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, mtu afanye nini?

Swali hili limekuja kwa sababu ya tarehe moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo ulioanza kutumika Julai 2015 na ambao ndio uliomo katika kompyuta nyingi zilizotumika zinazonunuliwa mjini Mbeya au Dar es Salaam na kupandishwa huku Tukuyu. Wengine walidhani siku hiyo kompyuta zao zingezimika. Hazikuzimika. Zinawaka, zinaandika barua, zinasoma Qur'ani kama jana. Kilichokoma ni matengenezo.

Tueleze kidogo. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia programu nyingine zote ndani ya kompyuta: ndiyo inayopokea unachoandika, inayotunza mafaili, inayozungumza na printa. Ni kazi ya mamilioni ya mistari ya maandishi iliyoandikwa na binadamu, na kazi ya binadamu haikosi nyufa. Kila mara ufa unapogundulika, wenye mfumo hutengeneza kiraka na kukituma kwa njia ya intaneti. Mfumo ukiachwa kuhudumiwa, nyufa zinaendelea kugunduliwa ila viraka havitumwi tena. Ni kama nyumba ambayo fundi wa kufuli amehama mji.

Madhara yake si hadithi. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zipatazo 150. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili kuyafungua, na hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kuziba ufa ule kilikuwa kimeshatolewa tangu mwezi Machi mwaka huohuo. Wengi walioumia ni wale ambao hawakukiweka.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: kompyuta ambayo haiunganishwi na intaneti kabisa, inayotumika kuandikia tu na kusikiliza visomo, haina haraka sana, mradi flashi zinazochomekwa humo zichunguzwe virusi. Ile inayotumiwa kwa barua pepe, kwa maombi ya vyuo na mikopo ya wanafunzi, au kwa mambo ya fedha, hiyo isiachwe hivihivi. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza kwa watu binafsi wa kuendelea kupokea viraka vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini hiyo ni muhula tu, si suluhisho.

Sasa, je, kompyuta yako inaweza kupokea Windows 11? Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mfumo huo, uliotoka Oktoba 2021, unadai memori isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kubwa zaidi ni prosesa. Kwa prosesa za Intel aina ya i3, i5 na i7 zinatakiwa za kizazi cha nane na kuendelea, yaani kwa jumla zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Namna ya kujua ni rahisi na haihitaji fundi. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha soma mstari wa prosesa. Ukiona i5-4590, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 4, hivyo ni kizazi cha nne na haikubaliki. Ukiona i5-8250U ni kizazi cha nane, inakubalika. Kwa vizazi vya kumi na kuendelea tazama tarakimu mbili za mwanzo. Kanuni hii haifanyi kazi kwa Celeron na Pentium, wala kwa AMD. Hao watumie programu ndogo ya Microsoft iitwayo PC Health Check, ambayo hupima na kutoa jibu.

Ikiwa inakubalika na Windows 10 yako ni ya halali, kupanda kwenda 11 hakuna malipo, na mafaili hubaki mahali pake. Ukiona haikupendezi, una siku 10 za kurudi nyuma. Ikiwa haikubaliki, wapo mafundi wanaojua kuipitisha kwa mlango wa nyuma. Microsoft wenyewe wamesema kompyuta iliyopitishwa hivyo haina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta.

Kabla ya kuendelea na njia nyingine, tuna neno kwa wazazi, na tunaomba lisipuuzwe. Kompyuta ya nyumbani si chombo cha kuandikia tu. Humo mna picha za harusi, picha za mama na mabinti wakiwa ndani bila hijabu, vyeti vya kuzaliwa, barua za mirathi, pengine na mikataba ya shamba la chai. Tunaibeba hiyo kompyuta hadi stendi, tunamkabidhi kijana tusiyemjua, tunaacha na neno la siri limeandikwa kwenye karatasi, tunarudi kesho kutwa. Hatumtuhumu fundi yeyote. Wako wacha Mungu wengi miongoni mwao. Lakini sitara ya nyumba ni amana ya mwenye nyumba, na hakuna fundi anayepaswa kubebeshwa. Hamisha picha na nyaraka kwenye diski ya nje au flashi, hakikisha zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, ndipo uzifute kwenye ile inayokwenda kwa fundi. Na ujue kwamba kufuta kwa kawaida hakuondoi kitu: faili lililotupwa, hata kama umemwaga kapu la taka, laweza kurudishwa kwa programu maalumu hadi nafasi yake iandikwe upya. Kwa hiyo lililo bora ni kazi hii ifanyike nyumbani, mbele ya mwenye mali, na akina mama wasione haya kusema hivyo.

Hilo la kunakili mafaili lifanywe hata kama hakuna fundi. Mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye mazoezi ya miaka miwili kwenye diski moja, halafu diski hiyo ifomatiwe kwa kubonyeza pasipostahili, hakuna atakayemrudishia.

Tuje kwenye suala la uhalali, ambalo kwa jarida kama hili haliwezi kurukwa. Wengi wetu tunapokwenda "kupigiwa Windows" tunalipa elfu kadhaa za fundi tukidhani tumenunua mfumo. Tumelipia mkono wake tu. Nakala aliyoweka mara nyingi haina leseni, imefunguliwa kwa programu ya kuvunja kufuli. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikaa Kuwait Desemba 1988 na kupitisha uamuzi kuwa haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara ni mali inayolindwa na Sharia, na haijuzu kuzivamia. Wako wanachuoni waliolegeza kwa mtu binafsi asiyefanya biashara. Sisi tunaona aliye na njia nyingine ya halali mbele yake hana sababu ya kukaa kwenye shaka, hasa kwa kuwa Sura ya Al-Maida inaanza na amri ya kutimiza mikataba, na leseni ni mkataba. Sheria ya nchi nayo, ile ya Hakimiliki ya mwaka 1999, inazitambua programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa. Wallahu a'lam.

Na ukiiacha fiqhi, tazama akili tu: programu ya kuvunja kufuli hukuamrisha kwanza uzime kinga ya virusi. Mgeni anayesema "fungeni mbwa kwanza ndipo niingie" ungemkaribisha?

Njia ya halali tuliyoitaja ni Linux. Ni mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, na tangu hapo umejengwa na maelfu ya watu. Leseni yake inaruhusu kuutumia, kuunakili na kumpa jirani. Hakuna cha kuvunja wala cha kuficha. Una sura nyingi. Ubuntu ilianza mwaka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Kwa anayetoka Windows sisi hupendekeza Linux Mint, kwa kuwa mpangilio wake unafanana na alichozoea. Inaweza kukaa kwenye kompyuta yenye memori ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo raha, na ile i5 ya kizazi cha nne iliyokataliwa hapo juu inaiendesha vizuri kabisa. Watanzania si wageni wa mambo haya: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye maagizo kwa Kiswahili.

Hatutaki kuwadanganya kuwa kila kitu ni asali. Programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows hazifunguki moja kwa moja kwenye Linux. Wanafunzi wakubwa wanaotumia Al-Maktaba ash-Shamila ya Windows walifikirie hilo kwanza. Nyaraka za Word hufunguliwa na LibreOffice, lakini jedwali lenye Kiarabu na Kiswahili pamoja laweza kusogea. Printa za zamani huleta ukaidi. Ama Kiarabu chenyewe hakina tabu: unaongeza kibodi ya Kiarabu kwenye mipangilio, basi. Wanaokumbuka Windows XP watakumbuka ilivyobidi kuweka CD ili herufi zishikane na zitoke kulia kwenda kushoto.

Uzuri mwingine ni kwamba unaweza kuijaribu bila kugusa diski. Pakua faili lake kutoka kwenye tovuti ya wenyewe, si kwingine. Ni kama GB 3, kwa hiyo nunua bando la usiku au changeni majirani watatu. Mkishapakua, flashi moja itawatosha nyote. Flashi iwe ya GB 8, na ujue kila kilichomo kitafutika. Kulikopi faili kwenye flashi hakutoshi. Inabidi liandikwe kwa programu kama Rufus au balenaEtcher ili kompyuta iweze kuamkia humo. Kisha unaizima, unachomeka flashi, unaiwasha huku ukigongagonga kitufe cha kuchagua: kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni F9. Ukifika ndani, kagua: sauti inatoka? Wi-Fi inashika? Printa inaonekana? Kaa nayo siku mbili tatu ikiwa polepole kidogo kwa kuwa inatoka kwenye flashi. Ukiridhika ndipo uiweke kwenye diski, na hapo inakuuliza kama ufute Windows au ziishi pamoja. Soma swali hilo mara mbili.

Iwe Windows 11 au Linux, kwetu Rungwe kuna adui mmoja ambaye vitabu vya kompyuta havimtaji: mvua na radi. Umeme ukikatika katikati ya kuweka mfumo, kompyuta ya mezani inaweza kubaki na mfumo nusu, isiamke tena mpaka ianzwe upya. Laptopu ijazwe chaji kwanza na iachwe kwenye umeme. Ya mezani, azima UPS ukiweza. Chagua asubuhi yenye anga safi, na wakati wa masika ukisikia ngurumo upande wa mlima, ahirisha. Si kuzima tu, chomoa waya ukutani. Kazi yote huchukua saa moja hadi tatu. Asianze mtu baada ya Asri akitegemea kumaliza kabla ya Maghrib, maana tumeona watu wanavyochelewa jamaa kwa sababu ya asilimia 97 isiyosogea.

Mwisho, kama kompyuta ni nzito hata baada ya yote haya, mara nyingi kinachochelewesha ni diski ya zamani inayozunguka. Diski ya aina ya SSD huibadilisha kompyuta ya miaka kumi kuliko mfumo wowote mpya, na kuiweka kwenye laptopu nyingi za zamani ni kazi ya skrubu chache. Wanafunzi wa darasa la juu wanaotaka kuona jinsi inavyofanywa, pamoja na namna ya kuandika flashi, waje madrasa na flashi zao zikiwa tupu, na mzazi mwenye nakala ya Linux Mint aliyokwisha kuipakua awape waje nayo ili tusitumie bando mara mbili.