MGENI ASIYEKULA NYAMA

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mama wa Kipwani aishiye mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, hutahayari akiambiwa kwamba mgeni wake wa jioni hali nyama. Kwetu sinia lisilo kitoweo huonekana kama dharau.

Wako wapikao pilau kama desturi, kisha wakaziepua nyama. Hiyo si heshima. Mchele umekwisha kunywa supu, na mgeni atakula asichokitaka bila ya kujua. Sisi tusiokula wali uliotiwa mafuta ya nguruwe, hata kama mnofu haumo, twalielewa jambo hili.

Basi kwanza mgeni na aulizwe. Wahindu wengi wasiokula nyama hawali samaki wala mayai, bali maziwa na samli hutumia. Wajaini washikao sana dini yao huacha pia vitunguu, thomu na viazi, kwani kung'oa mzizi ni kuua mmea na vijidudu. Na wako Marasta wasiotia chumvi.

Baada ya hapo, jiko la Pwani halishindwi: mbaazi za nazi, kunde, mchicha, wali wa nazi, chapati, na ndizi mbivu zilizotiwa iliki.

Kumpikia hivyo si kuiharamisha nyama tuliyohalalishiwa. Dini imetuamuru kumkirimu mgeni, na ukarimu ni yeye kula kwa moyo mkunjufu, bila ya wasiwasi.